Mnazi wa Rasini, Udongo wa Shelui

Binti yetu wa mwisho alipopangiwa shule ya kufundisha, alinipigia simu akanitajia mahali ambapo sikuwahi kupasikia. Nilitoa ramani niliyoitunza tangu sekondari, nikaanza Singida na kidole, nikashuka kusini mashariki mpaka Mtwara, nikapita Mtwara, nikafika kwenye rasi nyembamba iliyojichomoza baharini. Upande mmoja bahari, upande wa pili mdomo wa mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya watu wengine. Utumishi wangu karibu wote niliumaliza nikiwa karani wa stesheni pale Itigi. Kwa karani wa stesheni, mahali njia inapoishia ni mahali pa kugeuzia injini na kurudi.

"Usiende," nilimwambia. "Huko nchi imeisha."

"Baba, kuna watoto huku. Wanahitaji mwalimu wa hesabu."

Akaenda. Baada ya muda akaleta habari kwamba amepata mchumba hukohuko, kijana mwenye majaruba ya kuvunia chumvi, mtu wa dini, mpole. Nilitakiwa kwenda kuozesha, kwa kuwa baba ndiye walii. Nikasema mgongo unaniuma, nikampa mdogo wangu uwakili, akaenda yeye na mke wangu. Mgongo haukuwa unaniuma hata kidogo. Siku ya ndoa nilikaa nyumbani Mandewa, pale Singida, nikipalilia mahindi ambayo hayakuwa na magugu.

Mke wangu alirudi na hina mikononi na kiroba cha chumvi. Alikitua mbele yangu.

"Chumvi ya mkweo. Kama huitaki sema, nimpe jirani."

Tuliila ile chumvi karibu mwaka mzima, na kila nilipoonja mboga nilijua naila ya nani.

Mimi na binti yangu hatukugombana kwa maneno. Tulibaki na salamu tu: shikamoo, marahaba, mama yuko wapi, huyu hapa. Kilichotufungua midomo ni futari. Ramadhani moja simu iliita jua likiwa bado limekaa juu ya kilima, mimi nimekwisha kuandaa tende zangu na uji umefunikwa.

"Baba, sisi tumeshafuturu," akasema, huku akitafuna makusudi karibu na simu.

"Acha uongo. Jua lile pale naliona."

"La kwenu hilo. La kwetu limeshaingia ndani kulala."

Nilifikiri nikaona ni kweli. Yeye yuko mashariki kabisa, jua linamfikia kwanza na kumwacha kwanza. Kuanzia siku ile akawa anapiga kila jioni kunitania na njaa yangu, nami nikawa naisubiri simu kuliko adhana. Nilimwita "wewe wa mwisho wa nchi", naye akanijibu kwamba mwisho ni kwetu, kwao ndiko jua linakoanzia. Lakini neno la harusi hatukuligusa.

Kisha akapata mimba. Katika ukoo wetu kule Iramba, mtoto wa kwanza wa binti huzaliwa nyumbani kwa mama yake, na kitovu chake kikidondoka, babu mzaa mama ndiye hukizika, peke yake, bila kumwonyesha mtu. Mahali hapo mtoto ndipo kwao hata akizeekea ugenini. Mpango ulikuwa aje Singida kujifungulia. Miguu ikamvimba, daktari akamkataza safari ndefu, mtoto akazaliwa kulekule. Niliona rasi ile imeninyang'anya mara mbili.

Siku chache baadaye simu ikaita.

"Baba, kitovu kimedondoka. Nimekihifadhi."

"Mpe mama mkweo akizike."

"Nimemwambia asubiri. Nimemwambia kazi hiyo ina mwenyewe."

Nilimpa simu mama yake, nikatoka nje. Kesho yake nilipanda gari hadi Shelui, kule kwetu Iramba, nikatembea mpaka kiwanja cha marehemu mama yangu, nyuma ya mahali malori yanapopumzika, nikachota udongo mwekundu nikajaza kopo la maziwa ya unga. Kama mtoto hakuja kwenye udongo, udongo utamwendea.

Safari ile ilikuwa ndefu hata kwa mtu wa reli. Mwisho wa yote tulipanda pikapu iliyokuwa ikizama kwenye mchanga na kuchomoka, mke wangu mbele na dereva, mimi nyuma na kopo langu mapajani. Mkwe wangu alitupokea kwa "shikamoo baba, shikamoo mama", akataka kunipokea kopo. Nikamwambia achukue begi.

Mama yake, mwenyeji wetu, alikuwa mwanamke wa Kimakonde mwenye sauti ya kuvukia mto. Alikuwa tayari ameandaa nazi iliyochipua, ina majani mawili yamesimama kama masikio ya sungura.

"Mkwe," alinieleza, "kwetu kitovu hupandiwa mnazi. Mtoto akikua, mnazi unakua, akiulizwa mali yake anaonyesha. Shimo nimekwisha kulichimba, pale nyuma ya jiko."

Nilimshukuru, lakini moyoni nilikataa. Nyuma ya jiko lake? Ule ni uwanja wa ukoo wao. Mjukuu angekuwa wao kuanzia unywele hadi unyayo.

Binti yangu alinisoma usoni. "Mama," alimwambia mkwewe, "kwetu babu huchagua mahali mwenyewe. Na hasemi." Kisha akanigeukia, mtoto begani. "Lakini hapahapa, Baba. Usikibebe kwenda nacho."

"Hapahapa," nikakubali. "Na mnazi nitapanda."

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na paji la uso la mama yangu, nami sikumwambia mtu, kwa kuwa nilijua wangesema ni la upande wao.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye ncha ya rasi peke yangu. Sasa hapa inabidi nieleze jinsi mtu wa Singida anavyosoma maji, maana ndipo nilipokosea. Sisi tumekaa na ziwa Singidani miaka yote. Ziwa lile likipungua huacha mstari mweupe wa magadi ukingoni, na ukiuona mstari unajua: mwaka huu maji yalifika hapa. Juu yake kuna mstari mwingine uliofifia, wa mwaka wa mvua kubwa, ambao huenda usiguswe tena mpaka watoto wako waoe. Ardhi iliyo kati ya mistari hiyo miwili haina mwenyewe. Anayewahi hulima bustani ya mchicha, na hamna wa kumuuliza.

Nikaiangalia bahari kwa macho hayohayo. Nilisubiri maji yajae, yakajaa taratibu, yakaishia kwenye mstari wa majani mabichi ya baharini, yakarudi. Juu zaidi, karibu na ile miti ya mivinje, niliona mstari mwingine wa majani makavu, meusi, na vipande vya magogo. Wa mwaka wa mvua kubwa, nikajisemea. Sekondari nilifundishwa kujaa na kupwa kwa maji, na nadhani swali lake nililipata. Nikakumbuka kwamba bahari hujaa na kupwa, nikaona nimeshaiona ikifanya yote mawili, basi, nimemaliza.

Nilichagua kati ya mistari hiyo miwili. Si uwanja wao, si uwanja wangu. Nilichimba kwa mikono, nikamimina udongo wa Shelui, mwekundu juu ya mchanga mweupe, nikaweka kitovu kikiwa kwenye kitambaa chake, nikasimamisha mnazi juu. Nilikuwa nataka kumimina kopo lote, lakini nilikumbuka maneno ya mke wangu wakati natoka: "Baba Watoto, usimwage wote. Wewe kila kitu unamwaga chote." Nikabakiza kidogo. Kisha nikasoma dua, nikarudi nimejaa raha.

Siku zilizofuata zilikuwa njema kuliko nilivyostahili. Niliamka alfajiri kuona jua likitoka majini. Nilimshika mtoto. Nilikwenda na mkwe wangu kwenye majaruba yake, nikamweleza jinsi wanawake wa kwetu walivyokuwa wakikwangua chumvi ukingoni mwa ziwa, naye akanionyesha anavyofungua mlango mdogo wa maji kuingiza bahari, kisha anafunga na kuliachia jua kazi. Alikuwa mpole kweli. Niliona aibu kwa ajili ya mgongo wangu. Kila alasiri nilijifanya nakwenda kunyoosha miguu, nikauangalia mnazi wangu kwa mbali. Sikuona kwamba maji yalikuwa yakizidi kuusogelea kila siku, au niliona nikasema ni upepo.

Asubuhi moja nilikuta mama mkwe wa binti yangu amejifunga kanga kiunoni, ana kapu na fimbo ya chuma.

"Unakwenda wapi, mkwe?"

"Kuchokoa pweza. Leo bamvua, maji yatakwenda mbali mpaka uyasahau."

"Vizuri."

"Na yakirudi alasiri yatakuja na hasira zake. Yatapanda mpaka kwenye mivinje."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. "Mpaka kwenye mivinje? Mwaka wa mvua kubwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kuku hutaga. "Mvua ya nini? Kila mwezi, mara mbili. Mwezi ukijaa na mwezi ukiandama."

Chai ilipoa mikononi mwangu. Nilikuwa bado na muda wa kutosha, maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaondoka. Ningeweza kwenda kufukua kila kitu na kukihamishia nyuma ya jiko. Lakini kwetu kitovu hakifukuliwi; anayekifukua amemng'oa mtoto. Na ili kumwuliza yule mama nifanyeje, ningelazimika kusema nimekizika wapi na kwa sababu gani. Sababu yenyewe ndiyo iliyonifunga mdomo. Nitasemaje? Kwamba sikutaka uwanja wako?

Basi nikafanya ninachokijua. Niliazima jembe, nikasema nakwenda kuangalia udongo wa huko, nikaanza kujenga tuta kuuzunguka mnazi. Mkulima wa Iramba akiona maji yanamjia hujenga tuta. Nilijenga la mchanga, nikapigilia vipande vya magogo, nikafunika makuti. Mpaka adhuhuri lilinifika magotini na nilikuwa najisifu. Nilisali palepale juu ya mchanga. Nilipotoa salamu kulia na kushoto, niliona bahari imegeuka.

Haikuja na hasira. Ilikuja kama ng'ombe wanaorudi zizini, bila haraka, wanaojua njia. Ikagusa tuta, ikarudi, ikagusa tena. Nilikuwa naziba huku inabomoa kule, nikaziba kule ikabomoa huku. Mchanga si udongo. Ukishalowa hausikii jembe. Nilikuwa nimekumbatia ule mnazi mdogo, suruali imelowa mpaka mapajani, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Baba! Unafanya nini?"

Binti yangu alikuwa amesimama chini ya mivinje, mkono mmoja umeshika kanga isipeperuke.

Sikuwa na uongo wa kumpa. "Kitovu cha mwanao kiko hapa."

"Wapi hapa?"

"Hapa nilipo."

Alitazama maji, akatazama tuta, akatazama jembe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu aondoke nyumbani, nami nilikuwa nalia, kwa hiyo sijui tulionekanaje. Wimbi moja kubwa kuliko mengine likaja likanisukuma nikakaa. Nilipoinuka mikono yangu ilikuwa mitupu. Majani mawili ya mnazi yalikuwa yanaondoka, yamesimama wima kama mtu anayeaga, na maji yaliyonizunguka yalikuwa mekundu kidogo kwa udongo wa mama yangu. Baada ya muda yakawa ya kawaida.

Alishuka akanishika mkono, akanitoa mpaka kwenye mchanga mkavu.

"Nimekipoteza," nikasema.

"Hukukipoteza, Baba. Umekiweka mbali kidogo."

"Sikutaka uwanja wao. Nilitaka mahali pasipo na mwenyewe."

"Ukampa bahari."

"Na harusi yako sikuja. Mgongo haukuwa unauma."

"Najua, Baba. Mimi harusini nilikuwepo."

Aliniondolea jani la baharini shingoni, akabeba jembe begani kama mwanaume, tukarudi. Njiani nilimwomba msamaha kwa lile la harusi, kwa maneno kamili, maana niliona kulitaja tu hakutoshi. Akasema amesikia. Mtoto alikuwa analia kwa mbali, naye akaongeza hatua.

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa sana. Aliniona nilivyolowa, akaona jembe, akaweka kapu lake la pweza chini.

"Mkwe, usiniambie."

"Nakuambia."

"Nyie wa bara mnadhani bahari ni lambo la ng'ombe?"

"Tulidhani ni ziwa," mke wangu akadakia kutoka jikoni. "Na mimi nilimwambia asimwage udongo wote."

Walicheka wote wawili, na kwa kuwa ni wanawake waliokuwa wakipeana heshima za kiukwe tangu siku ya harusi bila kuzoeana, kicheko kile kiliwafaa. Mimi nilipewa uji wa moto na shuka. Nilijaribu kumweleza mama mkwe kwa nini nilikataa shimo lake. Alinizuia kwa kiganja.

"Hata mimi ningekuwa kwenu nisingetaka jiko lako," akasema. "Kunywa uji."

Asubuhi mkwe wangu alirudi kutoka kwenye majaruba mapema kuliko kawaida. Alikuwa amebeba kitu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Ilikuwa ile nazi, na majani yake mawili, moja limevunjika.

"Niliikuta imekwama kwenye mlango wa maji," akasema. "Baba, hii si yako?"

Watu wa pwani hawakuona ajabu. Nazi huelea, walisema, ndiyo kazi yake, na maji ya bamvua huingia kwenye mfereji wa majaruba. Mimi niliona ajabu, na bado naiona. Nilikwenda kuchukua kopo langu. Udongo uliobaki haukuzidi viganja viwili. Safari hii niliwaita wote, sikuficha: nikaumwaga udongo wote nyuma ya jiko, kwenye shimo lililokuwa linanisubiri, na mama mkwe akasimamisha mnazi, mke wangu akashindilia kwa mguu. Kitovu hakimo. Kila mmoja wetu anajua hakimo.

Tulirudi Mandewa. Kila Ramadhani simu iliendelea kuita kabla ya adhana yangu, na sauti ya pili ikaongezeka, ndogo, ikitafuna karibu na simu kama ilivyofundishwa. Mnazi ukapandisha majani. Nilitumiwa picha, mtoto amesimama kando yake, mara anauzidi, mara unamzidi. Kuna usiku nimejiuliza kama nimemfanya mtoto asiye na kwao. Mke wangu hulijibu swali hilo kwa kugeukia ukutani na kulala.

Likizo iliyopita mama yake alimleta Singida kwa mara ya kwanza. Yuko darasa la kwanza, meno yake mawili ya mbele yameng'oka. Kitu cha kwanza alichoniuliza, kabla ya chai, ni kama ni kweli babu alipigana na bahari.

"Ni kweli."

"Nani alishinda?"

"Wewe unaonaje?"

Alinichunguza. "Bibi wa kwetu anasema ulitoa sare."

Jioni nikampeleka Singidani. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamejipanga kwenye maji ya kina kifupi, na upepo ulitulia. Alitaka kuingiza miguu. Nikamwambia avue kandambili zake aziache hapo kwenye mchanga, tutazikuta. Alizivua, lakini hakuziacha. Alizishika mkononi, akapanda ukingo, akavuka mstari mweupe wa mwaka huu, akaendelea mpaka juu kabisa kwenye ule mstari uliofifia, wa mwaka wa mvua kubwa, akautazama, akaupita, akaziweka juu ya jiwe.

"Mbona mbali hivyo?" nikapaza sauti. "Maji haya hayafiki huko!"

"Yakijaa je, Babu?"

Nilikuwa na jibu lote. Ningemweleza magadi, na mvua, na miaka. Badala yake nilivua viatu vyangu, nikapanda polepole mpaka kwenye lile jiwe, nikaviweka karibu na kandambili zake, nikahakikisha vimekaa vizuri. Kisha tukashuka pamoja kuingia majini.